Tiba ya mazungumzo kwa wachapakazi walioishiwa nguvu: kinachopatikana Zanzibar na kama kinastahili fedha yako

Meneja wa hoteli ya Nungwi anayejibu malalamiko ya wageni usiku wa manane, mhasibu wa wizara anayefunga hesabu za mwaka tarehe 30 Juni, daktari wa zamu, mwalimu mkuu ambaye skuli yake inaongoza mkoa: hawa ndio wateja wa huduma hii, na ni wateja wagumu. Hawaji kwa sababu kazi imewashinda. Wakija, wanakuja kwa sababu kazi bado inakwenda lakini wao wenyewe hawamo tena. Tathmini hii inaipima tiba ya mazungumzo kama inavyopimwa huduma yoyote inayolipiwa: unanunua nini hasa, kitu gani lazima kiwemo, inaharibikia wapi, na nani hana haja nayo.

Hukumu tuitoe mapema. Inafaa, kwa sharti moja. Dakika 50 za kikao ni sehemu ndogo ya kazi. Nafuu inatoka kwenye yale yanayobadilika kati ya kikao kimoja na kingine, yaani kwenye kalenda, kwenye simu, kwenye usingizi na kwenye namna unavyomjibu mkubwa wako. Mtaalamu anayekuruhusu utoke na faraja tu, bila ya jambo la kujaribu mpaka wiki ijayo, anakuuzia maongezi mazuri kwa bei ya tiba.

Tatizo lenyewe, kwa kifupi

Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huu wa kazi (burnout) kwenye toleo la 11 la orodha yake ya maradhi, lililoanza kutumika Januari 2022, kwa namba QD85. Halikuuita maradhi. Liliueleza kuwa ni hali itokanayo na shinikizo la kazini la muda mrefu ambalo halikudhibitiwa, na likaupa alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuhisi kwamba unachofanya hakina tija. Mgawanyo huo wa mambo matatu unatokana na kazi ya Christina Maslach, aliyechapisha kipimo chake chenye masuali 22 mwaka 1981.

Kwa mchapakazi wa kweli alama ya tatu huchelewa sana. Ripoti zinatoka, wageni wanatoa nyota tano, wagonjwa wanapona. Kinachotangulia ni ile ya pili: mtu aliyekuwa akiwapenda wanafunzi wake anaanza kuwaita "hawa", mpishi mkuu anachukia harufu ya jiko lake mwenyewe. Ndugu na wenzake hawaoni kitu, kwani wao wanapima matokeo, na matokeo yapo. Ndiyo maana wengi hufika kwa mtaalamu miezi mingi baada ya kustahiki kufika.

Milango iliyopo

Unguja kuna njia tatu za kuipata huduma. Ya kwanza ni hospitali. Kidongo Chekundu ndiyo hospitali ya maradhi ya akili, na jina lake tu linatosha kumfanya mtu mwenye cheo ageuze gari njiani. Ni hasara, maana mlango huu una kitu ambacho mingine haina: daktari anayeweza kutofautisha uchovu wa kazi na sonona kali (maradhi ya huzuni na kukosa hamu), akaandika dawa inapohitajika, akaagiza na vipimo vya damu. Udhaifu wake ni kwamba umejengwa kwa ajili ya maradhi makubwa. Mtu anayetaka vikao vya kila wiki vya dakika 50 kuhusu ukamilifu wake wa kupindukia atajiona anamzuia mgonjwa mwenye dharura. Itumie hospitali kwa uchunguzi wa mwanzo na kwa dawa. Usiitegemee kwa kozi nzima ya mazungumzo kabla ya kuuliza kama nafasi hiyo ipo.

Njia ya pili ni mnasihi au mwanasaikolojia binafsi hapo mjini. Hapa tatizo kubwa ni udogo wa kisiwa. Ukimtaja mkubwa wako wa kazi, kuna uwezekano mtaalamu alisoma naye skuli ya Lumumba au ameoa kwao. Mtaalamu mzuri hulitoa jambo hilo mezani siku ya kwanza: anaeleza nani anamjua, anakwambia atafanya nini mkikutana harusini (hakusalimii kwanza mpaka umsalimie wewe), wapi anaweka maandishi yake, na ni hali gani tu itamfanya avunje siri, nayo ni pale uhai wako au wa mwengine ukiwa hatarini. Uhusiano ukiwa wa karibu zaidi ya hapo, anakuelekeza kwa mwengine. Asiyezungumzia kabisa jambo hili hajui anafanya kazi wapi.

Ya tatu ni mtaalamu wa mbali kwa njia ya video, mara nyingi aliyepo Dar es Salaam au Nairobi. Kwa siri ndiyo bora kuliko zote, na utafiti wa tiba kwa video umeonesha matokeo yanayokaribiana na ya ana kwa ana kwa matatizo ya aina hii. Inaharibikia kwenye mambo madogo. Nyumba zetu hazina chumba cha kufunga mlango: kuna mtoto, kuna wifi, kuna fundi wa jirani. Wateja wengi huishia ndani ya gari lililoegeshwa, na gari ni mahali pazuri tu, ilimradi simu iwe imesimamishwa, spika za sikio zimevaliwa, na umeshakubaliana na mtaalamu kwamba intaneti ikikatika mnaendelea kwa simu ya kawaida bila ya kupoteza dakika kumi mkitafutana. Usifanye kikao ukiwa ofisini baada ya saa za kazi. Akili haitoki kazini ikiwa mwili umekaa kwenye kiti kile kile.

Pemba uchaguzi ni mwembamba zaidi. Mpango unaofanya kazi kwa mtu wa Wete au Mkoani ni kuvuka kwa vikao viwili vya mwanzo, ambavyo vina uchunguzi na makubaliano, kisha kuendelea kwa video au simu. Kuanza kwa simu na mtu usiyepata kumuona kunawezekana, ila mchapakazi hodari wa kujificha hujificha vizuri zaidi nyuma ya skrini.

Pia kuna Benchi la Urafiki, mpango ulioanzia Harare mwaka 2006 chini ya daktari wa akili Dixon Chibanda, ambapo kina bibi waliofunzwa hukaa na mtu kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jengine. Ulivuka mpaka ukafika Malawi na Zanzibar. Haukutengenezwa kwa ajili ya mameneja, lakini hatua zake (taja matatizo yote, chagua moja, panga jambo dogo la kufanya, rudi utoe taarifa) ni safi kuliko nusu ya kinachouzwa mitandaoni na makocha wa maisha.

Kikao cha kwanza kinapaswa kuwa na nini

Hapa ndipo pa kuamua kama uendelee au uondoke. Kikao cha kwanza si cha nasaha. Ni cha kuuliza, na masuali yake yana mpangilio: umeanza lini kuchoka, usingizi ukoje, unakula nini na saa ngapi, unakunywa kahawa ngapi, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, pombe, dawa za maumivu. Lazima uulizwe kuhusu dawa za kulala pia, maana diazepamu hupatikana kwa urahisi mno kwenye maduka ya dawa, na mtu mwenye akili nyingi anaweza kuwa anaitumia kila usiku huku akijihesabu kuwa "hana tatizo la dawa". Ikitumika mfululizo kwa wiki chache tu mwili unaizoea. Kuiacha ghafla ni hatari. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari.

Kisha ije karatasi ya PHQ-9, kipimo cha sonona, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili: masuali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja linapewa alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10 au zaidi, sonona inahitaji kuchunguzwa kwa makini badala ya kubebwa ndani ya neno uchovu. Suali la tisa linahusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Mtaalamu asiyeliuliza, au anayelipita haraka kwa kuona haya mbele ya mtu mzito, amefeli. Wachapakazi hawalitaji wenyewe. Wakiulizwa waziwazi, wengi hujibu waziwazi. Jibu likiwa ndiyo, mpango wa usalama unafanyika siku hiyo hiyo, na kama kuna nia au njia ya kujidhuru, safari ni ya hospitali.

Tofauti ya haraka kati ya hali mbili hizi, isiyochukua nafasi ya uchunguzi: mtu aliyechoshwa na kazi, ukimpeleka Paje na wanawe siku ya Jumapili, bado anacheka. Mwenye sonona anakaa ufukweni akiwaangalia wanawe na hasikii kitu moyoni, kisha anajilaumu kwa kutosikia. Zote mbili zinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Mwisho, vipimo vya damu. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, na kisukari vyote huleta uchovu, uzito wa kichwa na kukosa hamu. Wingi wa damu, kipimo cha TSH (cha tezi hiyo) na sukari vinatosha kwa kuanzia. Ni aibu kulipia vikao kumi vya kuzungumzia utoto wako kumbe unahitaji vidonge vya madini ya chuma. Mwanamke mwenye hedhi nzito au aliyejifungua karibuni asikubali kuanza bila ya hivi.

Wiki za mwanzo: usingizi na daftari

Kozi ya kawaida kwa tatizo hili ni vikao 8 hadi 12, kimoja kwa wiki, kwa mkabala wa tiba ya fikra na tabia au ndugu zake wa karibu. Wiki za mwanzo zisiguse falsafa ya maisha yako. Ziguse usiku wako.

Kwanza daftari la siku saba. Kila saa andika neno moja la ulichokuwa ukifanya na alama ya nguvu kutoka 0 hadi 10. Usiliandike jioni kwa kukumbuka. Kumbukumbu ya mtu aliyechoka ni ya uongo. Kinachojitokeza huwa hakitarajiwi. Mkutano mkubwa unaouogopa unaweza kuwa na alama 7, na dakika arubaini za kusoma gurupu la kazi kwenye WhatsApp kabla ya kulala zikawa na 2.

Kwa usingizi, njia yenye ushahidi mkubwa zaidi kuliko vidonge ni kufunga saa ya kuamka na kubana muda wa kukaa kitandani. Zanzibar tuna msaada ambao vitabu vya kigeni havikuujua: alfajiri. Anayeamka kuswali saa kumi na moja ana saa ya kuamka isiyobadilika, Jumapili na Jumatatu. Kosa linalovunja kila kitu ni kurudi kitandani baada ya swala mpaka saa moja na nusu siku za mapumziko. Tuseme unakaa kitandani saa nane lakini unalala saa tano na nusu. Huo ni ufanisi wa asilimia 69 hivi. Mtaalamu atakupa dirisha la saa tano na nusu tu: kuingia kitandani saa tano na nusu za usiku, kutoka saa kumi na moja alfajiri. Ukilala asilimia 85 au zaidi ya dirisha kwa wiki nzima, unaongezewa dakika 15. Ukiwa macho kama dakika 20, toka kitandani, kaa penye taa hafifu, rudi usingizi ukija. Wiki ya kwanza ni mbaya, tena mbaya sana, na dirisha halishuki chini ya saa tano. Mwenye kifafa, mwenye historia ya akili kupanda na kushuka, na dereva wa masafa wasiijaribu bila ya daktari. Wala usiianze Ramadhani: daku na tarawehe zinaukata usiku vipande viwili, na hesabu yote inaharibika. Mwezi huo lenga kulala kipande kimoja kirefu na kingine kifupi cha mchana kwa saa zisizobadilika, basi.

Kahawa ndiyo vita ya kweli. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu, kwa hivyo ya saa kumi jioni bado ina nusu yake mwilini saa tatu usiku. Na kahawa ya barazani hunywewa usiku. Mnasihi anayekwambia uache baraza hajakusaidia; amekuondolea mahali pekee ambapo hakuna anayekuita "mheshimiwa". Baki barazani, badilisha kikombe: chai ya tangawizi inashikika mkononi vile vile.

Kiini cha kazi: kanuni zilizokufikisha hapo

Kuanzia kikao cha nne hivi, tiba nzuri inageukia kanuni unazoishi nazo bila ya kuzitamka. "Nisipofanya mimi, haliendi." "Nikikosea mara moja, watajua." "Mtu wa maana hajibu kesho." Mwaka 2002 Roz Shafran, Zafra Cooper na Christopher Fairburn walieleza ukamilifu wa kupindukia kuwa ni thamani ya mtu kufungwa kwenye viwango alivyojiwekea mwenyewe, akavifuata hata vinapomdhuru. Na ukishafikia kiwango, unakipandisha na kusema kilikuwa rahisi. Ndiyo sababu pongezi hazimtibu mtu huyu. Kila tuzo inageuka kuwa kiwango kipya cha chini.

Kubishana na kanuni hakuivunji. Kinachoivunja ni jaribio. Chukua karatasi yenye safu nne: nini kitatokea, nina uhakika kiasi gani kwa mia, kilitokea nini, sasa naona vipi. Mfano: mkuu wa idara anamwachia msaidizi wake atume ripoti ya wiki bila ya yeye kuisoma. Utabiri: itarudishwa na kutakuwa na aibu, uhakika 90. Matokeo: imerudishwa tarehe moja iliyokosewa, dakika tatu za kurekebisha. Jaribio moja halitoshi. Matano ya aina tofauti yanaanza kuitikisa. Mtaalamu hodari huanza na jambo ambalo kosa lake halimuumizi mtu. Daktari hajaribu kwenye dozi ya mgonjwa, anajaribu kwenye kupanga orodha ya zamu.

Halafu mazungumzo na mkubwa. Hapa tiba iliyobebwa nzima nzima kutoka Ulaya inakwama, maana inafundisha kusema "hapana" na hapa kijana hamwambii mtu wa rika la baba yake "hapana" akabaki salama. Njia inayopita ni kuurudisha uamuzi kwake: "Mkurugenzi, shikamoo. Nina kazi tatu mezani: bajeti, ripoti ya wafadhili, na safari ya Pemba. Wiki hii nitazimaliza mbili kwa ubora unaoutaka. Naomba uniongoze, ipi itangulie?" Sentensi hii hufanyiwa mazoezi ndani ya kikao, mtaalamu akiigiza mkubwa, pamoja na jibu baya zaidi: "Zote." Jibu la "zote" lina maneno yake pia: "Sawa, Mkurugenzi. Basi ya tatu nitaileta Jumatano ijayo. Nikuandikie barua fupi ili sote tukumbuke?" Wateja wengi huona mazoezi haya ni mchezo wa kitoto mpaka sauti inapowakatika kwenye neno la tatu.

Jengine ni mzigo wa ukoo. Mtoto wa kwanza aliyesoma analipa skuli, dawa, harusi, hitma, na paa la shangazi. Kumwambia "jiweke wewe mbele" ni kumwambia ajitoe kwenye watu wake, hatafanya, na atatoka akijiona amefeli hata tiba. Kinachofanya kazi ni hesabu. Andika kila kilichotoka kwa miezi mitatu iliyopita, pata wastani, kisha kubaliana na nafsi yako na mwenza wako juu ya fungu moja la mwezi. Fungu apewe ndugu mmoja mwenye heshima, agawe yeye. Simu zinahama kwako kwenda kwake. Ukoo utanung'unika miezi miwili.

Yanayoharibika

La kwanza ni mawaidha. Mnasihi anapojaza dakika 50 kwa kukukumbusha kushukuru, kusubiri na kutegemea, anaifanya kazi ya imamu, na imamu wa mtaani kwako anaifanya vizuri zaidi tena bure. Dini kwa mgonjwa wa aina hii ni nguzo, na mtaalamu anayeidharau naye mkwepe. Kusomewa hakugongani na vikao. Kunagongana pale tu mtu anapoambiwa uchovu wake ni kijicho cha wenzake, akaacha dawa.

La pili linatoka kwa mteja. Mtu wa kufaulu hufaulu hata kwenye tiba: anakuja mapema, kazi ya nyumbani imeandikwa kwa wino wa rangi mbili, analeta maendeleo. Hasemi kwamba juzi alilia kwenye maegesho ya bandarini. Dalili ya mtaalamu mzoefu ni kwamba mapema katika kozi anakuomba ulete kazi ya nyumbani ambayo haikukamilika, kwa makusudi, na mnakaa na wasiwasi unaokupata. Mtaalamu mchanga anakusifia.

La tatu ni kuacha mapema. Usingizi ukirudi, mara nyingi kwenye kikao cha tatu au cha nne, mteja anajiona amepona na msimu wa wageni umeanza. Lakini kanuni hazijaguswa. Vivyo hivyo kwa likizo: wiki mbili za kupumzika huleta nafuu inayofifia ndani ya wiki chache za kurudi kazini ikiwa mezani hakuna kilichobadilika.

Na la nne, zito kuliko yote: kuna uchovu ambao tiba haiutibu. Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja maeneo sita ambamo uchovu wa kazi huzaliwa: wingi wa kazi, mamlaka juu ya kazi yako, malipo na kutambuliwa, jamii ya kazini, uadilifu, na maadili. Tiba inakusaidia kwenye mamlaka, kidogo kwenye wingi wa kazi, na pengine kukabiliana na wenzako. Haikuongezei mshahara, haileti muuguzi wa pili kwenye wodi ya watu arubaini, haimwondoi mkubwa dhalimu. Shirika la Afya Duniani lenyewe, kwenye mwongozo wake wa 2022 kuhusu afya ya akili kazini, liliwataka waajiri wabadilishe mazingira ya kazi na kuwafunza mameneja, badala ya kumtwisha mfanyakazi peke yake. Mwajiri anayekulipia vikao huku akikuacha kwenye zamu ile ile ananunua muda. Hapo kazi halali ya mtaalamu ni kukusaidia kuamua uombe nini, lini, na kama utaondoka basi kwa mpango upi.

Dawa, gharama na wakati

PHQ-9 ikiwa juu, dawa za sonona kama fluoksetini au setralini zinaweza kwenda sambamba na vikao. Nafuu inaanza kati ya wiki mbili na sita, na kichefuchefu hutangulia nafuu, jambo ambalo daktari anapaswa kukwambia kabla. Ramadhani kidonge cha mara moja kwa siku kinahamia baada ya futari au wakati wa daku. Hakiachwi. Kwa uchovu wa kazi ulio peke yake, bila ya sonona wala wasiwasi mkubwa, hakuna kidonge.

Gharama ihesabu kwa kozi, si kwa kikao: bei mara kumi, pamoja na nauli au bando, na kikao ambacho utakosa na kutozwa. Kama una bima au uko kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliza kwa maandishi kama ushauri wa kisaikolojia umo, na kama unahitaji rufaa ya daktari kwanza. Ukishindwa kila wiki, kila wiki mbili kunakubalika baada ya kikao cha sita. Mara moja kwa mwezi tangu mwanzo ni kupoteza fedha. Unatumia kikao kizima kusimulia yaliyopita.

Kwa watu wa utalii, wakati mzuri wa kuanza ni masika, Aprili na Mei, hoteli zikiwa na vyumba vitupu na baadhi zimefunga. Majaribio ya kazi yanahitaji nafasi ya kukosea, na Agosti haina nafasi hiyo. Kwa watu wa hesabu za serikali ni kinyume: subiri Julai ipite wiki ya kwanza. Lakini mwenye mawazo ya kufa, anayekunywa ili alale, au ambaye mwili umeanza kuzimika barabarani, huyo hasubiri msimu wowote.

Mwisho wa kozi uwe na karatasi moja: dalili zako tatu za mwanzo kabisa (kwa wengi ni kujibu jumbe saa nane usiku, kuacha kula mchana, na kumkatia kauli mama), hatua moja kwa kila dalili, na jina la mtu mmoja aliyeruhusiwa kukwambia "umeanza". Kisha vikao viwili vya marejeo, kimoja baada ya mwezi na kingine kikipangwa wiki mbili kabla ya msimu wako mgumu.

Kabla ya kulipa, piga simu ya dakika kumi. Muulize amesomea nini na wapi, nani anamsimamia kitaalamu, ameshawahi kufanya kazi na watu wa fani yako, anatumia mkabala gani, atajuaje kwamba unapata nafuu, na mtafanya nini ikiwa kufikia kikao cha nne hakuna kilichobadilika. Akijibu kwamba mtaendelea tu mpaka utakapokuwa sawa, shukuru, kata simu, tafuta mwengine.